Nia Ikichoka, au Mfuko Ukikauka?

Anayeyajua mashamba ya kahawa ya Kemondo hadi Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, anaijua butura. Kahawa ingali maua, au ndiyo kwanza inafunga punje, na mnunuzi keshafika kibanjani na fedha taslimu. Anaitupia jicho mibuni iliyosimama kati ya migomba, anakadiria magunia, anataja bei. Mavuno yakifika, kahawa ni yake. Serikali imekataza, vyama vya ushirika vimekemea, na watu bado wanauziana kimyakimya. Mikutanoni lawama ni ileile: wakulima hawana subira.

Wanasaikolojia nao waliwahi kudhani wamegundua subira inakoishia. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, waliwaita wanafunzi walioruka mlo mmoja, wakawaketisha kwenye chumba kinachonukia biskuti za chokoleti zilizotoka kuokwa papo hapo. Baadhi waliruhusiwa kuzila. Wengine waliambiwa watafune figili tu, biskuti ziko mbele ya macho. (Weka senene wa kukaanga mahali pa biskuti, utayaelewa mateso yale.) Kisha wakapewa mafumbo yasiyo na jibu. Waliokula biskuti waling'ang'ana kwa dakika 19 hivi. Wa figili waliacha baada ya dakika 8. Baumeister akahitimisha kwamba kujizuia kunatumia akiba moja ya nguvu, na akiba hiyo, kama msuli, huchoka.

Nadharia ilipendwa, ikaandikiwa vitabu. Mwaka 2016 maabara 23 zilirudia jaribio la aina hiyo kwa watu zaidi ya 2,000, zikakuta athari karibu na sifuri. Baumeister alilalamika kwamba kipimo kilikuwa kibovu. Basi Kathleen Vohs, mshirika wake wa miaka mingi, akaongoza jaribio jingine lililochapishwa 2021, maabara 36, watu zaidi ya 3,500. Athari iliyopatikana ilikuwa ndogo mno kubeba madai yale makubwa.

Mimi naona jibu zuri zaidi lilipatikana Busia, magharibi mwa Kenya. Huko wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwakuta wakulima wanaosema watanunua mbolea msimu ujao, lakini msimu ukifika fedha imeshakwenda. Hawakuwafundisha kujizuia. Kupitia mpango ulioitwa SAFI, waliwafuata majumbani mara tu baada ya mavuno, mfukoni mkiwa na kitu, wakawauzia mbolea kwa bei kamili na kuahidi kuwafikishia bure siku ya kuihitaji. Matumizi ya mbolea yalipanda sana. Ofa hiyohiyo ya kufikishiwa bure, ilipotolewa baadaye msimu ukiwa umeanza, haikufua dafu. Ilihitajika punguzo la nusu bei ndipo matokeo yakaribiane.

Mnunuzi wa butura anaijua kanuni hiyo bila kusoma jarida lolote, ila yeye huigeuza: anabisha hodi mfuko ukiwa mtupu. Mzazi anayeuza maua Januari ili apate sare na madaftari anajua vizuri kahawa kavu italipa kiasi gani baada ya mavuno. Anayemkuta mlangoni mwezi huo, fedha mkononi, mara nyingi si chama cha msingi cha ushirika.