Mechi Tisa, Ushindi Tisa, na Karamu Wasiyoalikwa

Mpira ninaousimulia leo si huu wetu wa miguu. Ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, ambao mtu huutia kwapani akakimbia nao kuelekea mstari wa mwisho, huku wanaume kumi na mmoja wa upande wa pili wakimwandama wamtie chini. Najua wapo watakaouliza, na sisi hayo yatuhusu nini? Nawaomba subira kidogo. Mchezo ni mgeni, lakini kisa chenyewe si kigeni kwa watu ambao wazee wao, zama za ukoloni, walizuiliwa milangoni mwa mahoteli ya Nairobi kwa sababu ya ngozi zao.

Mwaka ni 1951 na mji ni San Francisco, bandari ya magharibi ya Marekani. Hapo pana chuo kikuu kilichoanzishwa na mapadri wa Kijesuiti mwaka 1855, nacho hubeba jina la mji huo. Kilikuwa chuo kidogo, wala fedha zake hazikuwa nyingi. Timu yake ya mpira ikiitwa Dons. Mkufunzi alikuwa Joe Kuharich, mtu mkali wa mazoezi, na aliyeandika habari za timu na kuzipeleka magazetini alikuwa kijana wa miaka 25, Pete Rozelle. Hilo jina la Rozelle liwekeni akilini, tutalirudia.

Timu ilikuwa na watu wa kila aina. Alikuwamo Gino Marchetti, mwana wa wahamiaji wa Kitaliano, aliyepigana Ulaya katika Vita Vikuu vya Pili kabla ya kurudi kusoma. Alikuwamo Bob St. Clair, pandikizi la mtu, urefu wake futi sita na inchi tisa. Na walikuwamo weusi wawili, Ollie Matson na Burl Toler. Matson alizaliwa Trinity katika jimbo la Texas, na Toler alizaliwa Memphis katika jimbo la Tennessee. Wote wawili basi asili yao ni kusini, na hapo ndipo penye uchungu wa mambo haya.

Msimu ulipoanza, Dons hawakuzuilika. San Jose State waliwafunga mara mbili. Walisafiri hadi New York wakacheza na Fordham, na huko Matson aliupokea mpira wa kuanzia mara mbili akakimbia nao takriban uwanja mzima, mara zote mbili asishikwe. Wakashinda kwa 32 kwa 26. Chuo cha Pacific, kilichokuwa kikisifika mwaka ule, walikichapa 47 kwa 14. Mechi ya mwisho walicheza na Loyola, wakatoka na 20 kwa 2. Mechi tisa, ushindi tisa, wala sare hakuna. Kwa msimu mzima Matson alikimbia yadi 1,566 na kuvuka mstari mara 21, na katika vyuo vyote vya Marekani hapakuwa na aliyemfikia kwa mbio mwaka ule. Toler naye kazi yake ilikuwa ulinzi. Kazi ya ulinzi haina sifa nyingi magazetini, lakini mshambuliaji akimwona mtu kama huyo mbele yake hujua shughuli ipo.

Sasa sikilizeni desturi yao. Msimu wa vyuo ukimalizika, timu bora hualikwa katika mechi za mwaka mpya ziitwazo Bowl, yaani bakuli, kwa sababu ya umbo la viwanja vyake. Iko Orange Bowl ya Miami, iko Sugar Bowl ya New Orleans, na iko Gator Bowl ya Jacksonville. Ualikwapo hupata heshima, na hupata fedha pia. Chuo cha San Francisco kilikuwa kikipata hasara katika mpira, na mwaliko mmoja ungewapa nafasi ya kupumua.

Lakini Miami, New Orleans na Jacksonville zote ni miji ya kusini, na kusini wakati ule sheria ilitenga mweusi na mweupe shuleni, garini, na hata penye bomba la maji ya kunywa. Wachezaji wenyewe wamesimulia ujumbe uliowafikia: mwaliko ungewezekana iwapo Matson na Toler wangeachwa nyumbani. Hadharani sababu iliyotolewa ilikuwa nyingine, kwamba Dons walicheza na timu dhaifu. Hiyo ndiyo kawaida ya ubaguzi, haukosi kanzu ya kujistiri.

Vijana wale wakakataa. Hawakufanya maandamano wala hawakuandika waraka. Aliyerudi vitani hakuona sababu ya kujadili, na wengine vivyo hivyo. Ama waende wote, ama asiende mtu. Tarehe 1 Januari 1952 Georgia Tech na Baylor, timu za weupe watupu, zikacheza Orange Bowl, na vijana wa San Francisco wako makwao. Haukupita muda chuo kikaivunja timu kwa kukosa fedha. Msimu ule wa ushindi mtupu ukawa ndio wa mwisho wao katika daraja la vyuo vikubwa.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu na juzuu mkononi tulilelewa na kisa cha Bilal bin Rabah, aliyekuwa mtumwa, akapandishwa juu ya Al-Kaaba kuadhini siku Makka ilipofunguliwa. Tulisimuliwa pia kwamba wapo wakubwa wa Kikureshi waliochukizwa kumwona mweusi pale juu. Nilipokisoma kisa cha Dons niliwakumbuka hao waliochukizwa kabla ya kumkumbuka Bilal mwenyewe. Watu wa aina yao hawakosekani katika zama yoyote, na mara nyingi ndio wenye funguo za mlango.

Matson alikwenda Helsinki mwaka huo huo wa 1952, akarudi na nishani mbili za Olimpiki, shaba ya mita 400 na fedha ya mbio za kupokezana. Kisha akacheza mpira wa kulipwa, na mwaka 1959 timu ya Los Angeles Rams ilitoa watu tisa ili impate yeye mmoja. Meneja wa Rams aliyefanya biashara hiyo ni nani? Ni Pete Rozelle, yule mwandishi wa habari za Dons. Matson, Marchetti na St. Clair wote watatu majina yao yamo katika jumba la heshima la mpira wa kulipwa.

Toler hakubahatika hivyo. Aliumia goti mwaka 1952, mchezo ukamwishia pale pale. Akawa mwalimu, na baadaye mkuu wa shule mjini San Francisco. Mwaka 1965 akateuliwa kuwa mwamuzi, mweusi wa kwanza katika ligi ile kubwa, ambayo wakati huo kamishna wake alikuwa Rozelle. Mwaka 1980 alisimamia Super Bowl, fainali yao. Amefariki mwaka 2009.

Pale chuoni palikuwa na bweni la wanafunzi lililoitwa kwa jina la James Phelan, seneta wa zamani aliyeomba kura mwaka 1920 kwa ahadi ya kuifanya California ibaki ya weupe. Mwaka 2017, baada ya wanafunzi kulalamika, jina hilo likaondolewa. Bweni sasa laitwa Burl Toler.