Kipanga Akikutana na Vipanga

Wazazi wanaopeleka watoto shule za vipaji maalumu huogopa sana, ila hofu yao huelekea kusiko. Wanaogopa uji. Wanaogopa tranka lisilo na kufuli imara, mbu, maji ya baridi alfajiri. Nimepokea mabinti wa kidato cha kwanza kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, kwanza nikiwa mwalimu wa Hisabati na baadaye nikiongezewa dawati la malezi na ushauri, katika shule ambayo jina lake nitaliacha. Sikumwona hata mmoja aliyevunjwa moyo na uji. Waliovunjika walivunjwa na karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo mwezi wa tatu, baada ya mtihani wa nusu muhula, yenye majina, wastani na nafasi.

Kwa ambaye hajapitia huko, mpangilio wetu wa Tanzania uko hivi. Mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanyika Septemba. Masomo ni sita, kila somo alama 50, jumla 300. Matokeo yakitoka, TAMISEMI huwapangia watoto shule za kwenda Januari. Wengi huenda shule za kutwa, hasa zile za kata zilizoongezeka sana tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004. Wengine huenda bweni za kawaida, wengine shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga. Wenye alama za juu kabisa hupelekwa shule chache zinazoitwa za vipaji maalumu: Ilboru kule Arusha, Mzumbe na Kilakala za Morogoro, Kibaha mkoani Pwani, Msalato Dodoma, na Tabora mbili, ya wavulana na ya wasichana.

Shule hizi zina majina mazito. Tabora Wavulana alisoma Mwalimu Nyerere kabla hajaenda Makerere. Kilakala zamani ilikuwa Marian College ya masista wa Maryknoll. Kibaha ilizaliwa na mradi wa nchi za Nordiki miaka ya 1960. Ukisema harusini kwamba mwanao kapangiwa mojawapo, watu wa meza ya jirani hugeuka kukutazama. Mtoto naye ameshaona kwamba watu hugeuka. Picha yake imezunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mchungaji au shehe amemtaja, mjomba wa Mwanza ametuma pesa ya godoro. Anapopanda basi, hapandi peke yake; amebeba ukoo mzima kwenye begi.

Vifaa nitavisema haraka, kwa sababu fomu ya maelekezo inavisema vyote: godoro la futi mbili na nusu, mashuka, chandarua, ndoo, rimu ya karatasi, kaunta buku, mkebe wa hesabu, jembe na mpini, ufagio wa chelewa. Ada ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, lakini orodha hiyo na nauli bado vinamtoa mzazi jasho, na sioni sababu ya kujifanya kwamba havimtoi. Nunua viatu vya mtoto mwenyewe akiwepo. Andika jina lake kwa wino usiofutika hadi kwenye soksi. Weka taulo za kike za kutosha hata kama hajavunja ungo, maana hedhi ya kwanza ikimkuta bwenini usiku, hana mama wa kumwamsha. Fomu ya daktari ijazwe kwa ukweli. Kuna wazazi huficha pumu au siko seli wakidhani mtoto atakataliwa; matroni anakuja kuyajua mambo hayo saa nane za usiku, mtoto akiwa hapumui vizuri.

Sasa tuje kwenye lugha, ambako kuna kilio kisichosikika.

Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali, hizi wanazoziita kayumba, amesoma miaka yote kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa kipindi kama vipindi vingine. Januari anaambiwa kwamba Fizikia, Kemia, Baiolojia, Jiografia na Hisabati vyote sasa ni kwa Kiingereza. Wiki za mwanzo huwa za kumwandaa, na walimu hujitahidi, lakini wiki chache hazizai lugha. Pembeni yake ameketi mwenzake aliyetoka mediamu, shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza, anayenyoosha mkono kabla swali halijaisha. Huyu wa kayumba anayaelewa majibu. Anachokosa ni mdomo wa kuyatolea. Na kama shule ina amri ya kuzungumza Kiingereza tu siku za masomo, hunyamaza. Niliwahi kuletewa binti wa kutoka visiwa vya Ukerewe, viranja wakisema ana matatizo ya akili kwa kuwa hazungumzi na mtu. Nikafunga mlango, nikamwamkua kwa Kiswahili. Alizungumza mpaka kengele ya chakula ikapigwa. Mtoto mchangamfu kabisa, mcheshi, mwenye maoni yake kuhusu kila mwalimu, mimi nikiwemo.

Darasani kwangu jambo hilo lilijitokeza hivi. Nikiandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba watafute L.C.M. ya 12 na 18, nusu ya darasa inatazama dirishani. Nikisema ni KDS, kalamu zote zinashuka, na 36 imepatikana kabla sijageuka. Hesabu walikuwa nayo tangu darasa la tano. Walimu wa sayansi watakwambia vivyo hivyo kuhusu usanisinuru na mizani. Kwa hiyo mtoto wako akipata alama ndogo kwenye majaribio ya kwanza, kabla hujauliza kama amekuwa mvivu, uliza kama alilielewa swali lenyewe. Desemba ile, badala ya tuisheni ya kumfundisha mada za kidato cha kwanza kabla hazijafika, ningempa kamusi, kitabu chepesi cha hadithi za Kiingereza, na mtu wa kusoma naye kwa sauti kila jioni bila kumcheka. Tuisheni hizo za kuwahi, nionavyo, huwafaa wanaozifundisha kuliko wanaofundishwa.

Kuna kikwazo kingine ambacho watu wa nje hawakioni. Mtihani wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua herufi na kutia kivuli. Mtoto mwepesi hujifunza kufanya hesabu kichwani na kurukia jibu. Sekondari tunataka njia. Mabinti wangu wa Januari walikuwa wakiandika swali, alama ya sawasawa, halafu jibu, na jibu ni sahihi! Nikikata alama wananitazama kama mwizi. Ilichukua miezi kuwafundisha kwamba mtahini wa kidato cha nne hawezi kuingia kichwani mwao kutafuta walipopita. Wale waliokuwa wepesi zaidi ndio walioteseka zaidi kwa jambo hili. Wale wa wastani, ambao tangu zamani walihitaji kuandika hatua ili wasipotee, walitulia.

Ukiunganisha hayo mawili, lugha na njia, unaielewa ile karatasi ya mwezi wa tatu. Mtoto aliyekuwa akipata 48 kati ya 50 anaona 52 kati ya 100. Kwenye madaraja ya sekondari hiyo ni C, inayoanzia 45 hadi 64. Hilo angelimeza. Linalomkaba ni safu ya mwisho, ya nafasi. Tangu darasa la pili hajawahi kushuka chini ya namba tatu. Leo yeye ni wa 71.

Mmoja alinifuata ofisini siku hiyo, akasimama mlangoni.

"Madam, nimeharibika?"

Nikamuuliza aliyekuwa wa pili kwao darasa la saba alimwachia alama ngapi. Akasema nyingi, zaidi ya arobaini. Nikamuuliza huyo wa pili yuko wapi sasa. Yuko shule ya kata, nyumbani. "Basi," nikamwambia, "hapa hayupo huyo. Hapa wapo wale waliokuwa wa kwanza kwao." Alitabasamu kidogo tu, kwa adabu. Hesabu ile aliielewa, lakini kuielewa si sawa na kupata usingizi.

Na hisia ile si ya kwake peke yake, wala si udhaifu wa malezi. Tangu miaka ya 1980 mtaalamu wa saikolojia Herbert Marsh amekuwa akilionyesha jambo hili: ukiwachukua watoto wawili wenye uwezo uleule, ukamweka mmoja kati ya wenzake wa kawaida na mwingine kati ya vipanga watupu, huyu wa pili atajiona hajui kitu, kwa sababu mtu hujipima kwa aliyekaa naye dawati moja. Yeye na mwenzake Kit-Tai Hau walilipima katika nchi 26 na kulikuta. Mwanafunzi wa 71 katika shule ya namna hii angekuwa wa kwanza katika shule nyingi za nchi hii. Ila haishi katika shule hizo nyingi. Anaishi katika bweni lake, na usiku anawasikia wenzake wakijadili swali ambalo yeye hakuliona hata lina ujanja gani.

Hapo ndipo simu ya nyumbani inapoharibu au kujenga. Simu za wanafunzi haziruhusiwi, kwa hiyo anapiga kwa matroni Jumamosi, foleni ikiwa ndefu, na ana dakika chache. Swali la kwanza la baba: "Umekuwa wa ngapi?" Nimewasikia wakidanganya. Watoto waaminifu, wa kwaya, wa madrasa, wakisema "wa kumi na mbili, baba" huku machozi yanashuka. Baadaye ripoti hufika, na sasa kuna makosa mawili nyumbani badala ya moja ambalo wala halikuwa kosa. Baba mmoja alinipigia mimi: "Habari za kazi, Madam. Huyu binti yangu mmemfanya nini?" Nikamwomba afungue ripoti asome alama za Fizikia za Machi, kisha za Juni. Machi alikuwa na 31, Juni 58. Nafasi ilikuwa imesogea kwa watu wachache tu, kwa sababu na wenzake walikuwa wakisogea. Mzee akanyamaza, akasema hakuwa ameuangalia upande ule wa karatasi.

Uangalie upande ule. Linganisha mtoto na yeye mwenyewe wa muhula uliopita, somo kwa somo. Muulize ni mwalimu gani anamwelewa, na ni nani anayesoma naye prepo. Ukisikia hana mtu wa kusoma naye, hilo lina uzito kuliko namba 71, na ndilo la kumpigia mwalimu wa darasa.

Kuhusu uonevu wa njuka, wale wageni wa kidato cha kwanza, kwa maana ya wanafunzi wakubwa kuwafulisha nguo, kuwachotesha maji na kuwapora biskuti: upo, hupungua pale ambapo walimu wa zamu wanazunguka kweli, na mtoto afundishwe kabla ya kuondoka kwamba kumwambia mwalimu si umbeya. Upweke wa kukumbuka nyumbani nao upo. Kwa wengi hupoa kabla ya likizo ya kwanza, na mara nyingi mama ndiye hukawia kupoa.

Wapo pia waliokosa nafasi hizi kwa alama mbili au tatu, na nyumba zao hukaa matanga Desemba nzima. Kwao nina habari kutoka kwa majirani. Mwaka 2014 watafiti Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha kazi yao kuhusu shule za kitaifa za Kenya, zile ambazo kila mzazi wa huko alikuwa akiziota. Waliwalinganisha waliozipata kwa tundu la sindano na waliozikosa kwa tundu hilohilo, wakatazama matokeo yao ya kidato cha nne. Tofauti iliyoletwa na shule yenyewe ilikuwa ndogo mno kwa wengi wao. Shule kubwa hung'aa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya watoto wanaoingia. Nimekula mshahara wa shule ya namna hiyo maisha yangu yote, na bado naona wako sahihi. Tulikuwa na maabara, maktaba na walimu wa kila somo, mambo ambayo shule nyingi za kata bado zinayalilia, na sitasema hayana faida. Lakini mtoto hageuki mwingine kwa kukosa alama tatu.

Lililobaki ni uhamisho, maana kila Aprili ofisi ya mkuu wa shule hujaa wazazi wenye barua. Ushauri wangu ni huu. Kama mtoto ni mgonjwa na hospitali iko mbali, au halali, hali, na amekonda, mhamishe hata wiki hii, na usione aibu mbele ya ukoo. Kama sababu ni nafasi yake darasani, iweke barua kabatini mpaka Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili upite. Wengi wa niliowaona wakifika hapo hawakuikumbuka tena, na wachache waliobaki na nia yao waliondoka wakijua wanakokwenda.