Kodi yenye maji na umeme ndani: pumziko la mzee Tabora

Mwanzo wa mwezi, mjomba wangu hukaa barazani Isevya, mjini Tabora, simu mkononi, akimsubiri mtoto wa jirani atoke shule. Umeme ameshanunua. Kilichobaki ni kuingiza tarakimu 20 za LUKU kwenye mita, nazo macho yake hayazipati tena. Akikosea moja, anaanza upya. Kwenye ununuzi huohuo imekatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023. Jengo lenyewe si lake. Yeye ni mpangaji.

Alistaafu reli. Treni ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, na tangu hapo watu wa kila kabila wamekuja mjini kwa kazi, wakazeekea hapahapa. Wapo waliojenga. Wapo ambao mafao yaliishia kwenye ada za watoto.

Hao kodi ya pango inawaumiza zaidi kwa jinsi inavyodaiwa. Pensheni huingia mwezi kwa mwezi, ilhali mwenye nyumba hutaka ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali naye anangoja chake. Ukishahamia, michango inaanza: mita moja, wapangaji wanne. Mzee mwenye taa moja na redio anatoa sawa na kijana mwenye friji na pasi. Bili ya maji ikija, ni mjadala mwingine uani, na mzee huona aibu kubishana na watoto, hutoa tu.

Serikali ina makazi ya wazee Ipuli, mjini hapahapa, kwa ajili ya wasiojiweza. Mstaafu mwenye pensheni ndogo hayuko huko, wala hana kiwanja. Anachohitaji ni chumba cha chini kisicho na ngazi, choo cha karibu, na kodi moja ya kila mwezi iliyobeba maji na umeme.

Mji huu una historia ya kuwapa hifadhi waliochoka. Misafara iliyotoka Bagamoyo, pamoja na dhuluma yote ya biashara ya watumwa iliyoibeba, ilipumzika hapa kabla ya kuendelea Ujiji. Mmisionari na msafiri Livingstone, mwili umemwisha, alikaa kwenye tembe la Kwihara, jirani na mji, tangu Februari hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi. Ndani ya kuta zile nene za udongo kulikuwa na pa kulala na pa kuweka mizigo. Msafiri aliingia, akatua.

Wenye nyumba wa Kanyenye, Cheyo na Ng'ambo wanaweza kufanya hivyo leo bila hasara. Piga hesabu ya umeme na maji ya miezi mitatu, toa wastani, uongeze kwenye kodi. Funga mita ndogo ya ndani kwa chumba cha mzee. Andikeni mkataba unaotaja kiwango cha matumizi na nani atalipa kikizidi, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Mpangaji mzee hahami hovyo, na pensheni yake inajulikana tarehe.

Hapo mjomba atalipa mara moja, siku pesa inapoingia. Zile tarakimu 20 ataziingiza mwenye nyumba, na mtoto wa jirani akitoka shule atakuja barazani kusikiliza habari za reli.