Ardhi ya Wana wa Mwami

Mtu wa Uvira hahitaji kufundishwa kwamba utawala wa jadi ni wa ukoo. Mwami wa Bafuliiru hutoka kwa Bahamba. Wa ukoo mwingine, hata awe na ng'ombe wangapi, kiti hicho si chake. Ng'ambo ya Ruzizi, Burundi, mambo yalikuwa magumu zaidi: Baganwa, ukoo wa kifalme wenyewe, walivutana wao kwa wao.

Kiini kilikuwa ardhi. Wafalme walipokezana majina manne: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Wazao wa kila mmoja waliitwa kwa jina lake: wa Ntare ni Batare, wa Mwezi ni Bezi. Mwami mpya alitaka kuwapa wanawe nchi za kutawala, lakini nzuri zilikwisha kushikwa na ndugu zake na baba zake wadogo. Ikabidi awang'oe. Ntare Rugamba, aliyepanua ufalme hadi katikati ya karne ya 19, aliwagawia wanawe maeneo makubwa; mrithi wake, Mwezi Gisabo, alipambana miaka mingi na ndugu hao. Kwa tatizo kama hilo, China, mwaka 127 KK, mfalme Wu wa nasaba ya Han alitumia hila ya upole: aliamuru kila mwanamfalme awagawie wanawe wote ardhi yake, vipande vikazidi kuwa vidogo. Burundi ardhi ilipokonywa nzima, na aliyepokonywa akabaki na kinyongo.

Mwenye kinyongo hutafuta mlinzi wa nje. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, Batare walimpata: chifu wao Pierre Baranyanka akawa kipenzi cha Wabelgiji. Kufikia 1961 ugomvi ulikuwa umehamia kwenye vyama. Louis Rwagasore, mwana wa Mwambutsa IV, aliyehesabiwa upande wa Bezi, aliongoza UPRONA. Mwezi Septemba chama hicho kikapata viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa bunge. PDC, chama cha Biroli na Ntidendereza, wana wa Baranyanka, kikabwagwa. Tarehe 13 Oktoba Rwagasore alikuwa mezani kwa chakula cha usiku, Hoteli Tanganyika, Usumbura, kando ya ziwa hilihili la Uvira. Mgiriki Jean Kageorgis akampiga risasi, akafa. Januari 1963 wana hao wawili walinyongwa Gitega kwa kuhusika na mauaji hayo.

Bezi walimpoteza kiongozi wao, Batare nao wakawapoteza wao. Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero, asiyekuwa Mganwa, alifuta ufalme. Ardhi waliyoigombania vizazi vyote hivyo haikuwa tena yao kugawiana.