Jedwali la Ripoti kwa Barua Pepe: Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Makanisa yetu ya Ituri na Kivu ya Kaskazini yamekuwa mahali pa kuhesabu. Tunahesabu jamaa zilizokimbia vita na kupokewa na waamini, wagonjwa waliofika kwenye vituo vyetu vya afya, magunia ya unga yaliyogawiwa. Hesabu hizo zinafika kwa simu, kwa WhatsApp na kwa karatasi, kisha katibu mmoja anaziandika upya zote ili azitume kwa viongozi na kwa wanaotusaidia.

Siku hizi kompyuta inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo: hesabu zinakusanywa mahali pamoja, na kwa saa iliyopangwa jedwali linatengenezwa na kutumwa lenyewe kwa barua pepe. Katika makala hii tutaeleza jinsi linavyotengenezwa, na jambo la kuangalia ili lisitudanganye.

Mfano tunaoukumbuka

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, na upesi ikafika Ituri. Katika miezi iliyofuata Wizara ya Afya ilituma taarifa ya kila siku kwa barua pepe: wagonjwa wapya ni wangapi, katika eneo gani la afya, waliokufa, waliopona. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa.

Tuangalie hesabu hiyo ya 3,470. Ndani yake wako 3,317 waliothibitishwa na maabara, na 153 waliohesabiwa kuwa huenda walikuwa na Ebola ingawa hawakupimwa. Wale walioshukiwa tu, waliokuwa wakingoja majibu, waliandikwa mahali pao na hawakuingizwa katika jumla. Ripoti njema haichanganyi kinachojulikana na kile ambacho bado kinangojewa.

Hatua tatu

Kwanza, hesabu zinaingia katika daftari moja la kompyuta, kwa mfano Excel au Google Sheets, au kwa fomu ya simu kama ile ya KoboToolbox. Kila kanisa lina mstari wake, na kila swali lina safu yake.

Pili, programu fupi inasoma mistari hiyo na kuijaza katika kiolezo. Wenye Google Sheets hutumia Apps Script. Wanaojua lugha ya Python hutumia pandas. Jedwali linaandikwa kwa HTML, lugha ileile ya kurasa za intaneti.

Tatu, saa inawekwa ili programu iamke yenyewe na kutuma. Hapa tukumbuke kwamba saa ya Bunia iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Kompyuta iliyopangwa kwa saa ya Kinshasa itachelewa kwetu, na mkutano wa asubuhi utaanza bila ripoti.

Kwa nini mapambo yanapotea

Jedwali linaweza kupendeza ofisini kwa rangi na mistari, kisha likafika kwa msomaji likiwa limevurugika. Sababu ni kwamba barua pepe si ukurasa wa intaneti. Programu nyingine za kusomea barua huondoa maagizo ya rangi na upana yaliyoandikwa mahali pamoja juu ya barua. Outlook ya zamani ya Windows huchora barua kwa mtambo wa Word, nayo haifuati maagizo mengi ya kisasa. Kwa hiyo ni salama zaidi kuandika agizo la rangi na la nafasi ndani ya kila kisanduku cha jedwali. Pandas kwa kawaida huyaweka pembeni, basi yahamishwe kabla ya kutuma.

Safu ziwe chache, nne au tano, kwa sababu wengi wetu tunasoma kwa simu. Tarakimu zipangwe upande wa kuume ili mamia yakae chini ya mamia. Tusitume jedwali kama picha: inakula mega, programu nyingi huzuia picha zisionekane, na msomaji hawezi kunakili hesabu. Tena Gmail hukata barua inayozidi kilobaiti 102 hivi, na sehemu iliyobaki haionekani mpaka msomaji abonyeze kiungo. Kwa hiyo jumla iwekwe juu.

Rangi isiachwe kusema peke yake. Wako watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wako wanaochapa barua kwa wino mweusi. Penye nyekundu paandikwe pia neno: "imeongezeka", "haijafika".

Kisanduku kitupu

Hapa ndipo penye hatari. Tuseme makanisa matano yanaripoti jamaa mpya zilizopokewa wiki hii: la kwanza 12, la pili 0, la tatu 7, la nne halikutuma kitu, la tano 9. Kompyuta itaandika jumla 28 bila kusita. Excel, Google Sheets na pandas zote huruka kisanduku kitupu zinapojumlisha. Na mwenye kutengeneza jedwali mara nyingi hujaza sifuri ili lionekane safi.

Lakini kanisa la pili limesema, "Hakuna aliyekuja." La nne halikusema neno. Labda mnara wa simu umeanguka. Labda katibu ni mgonjwa. Labda kijiji kizima kimekimbia, na ndiyo sababu hakuna wa kutuma. Tukiweka sifuri mahali hapo, msaada utapelekwa kwingine, na hakuna atakayeuliza habari zao.

Basi tuagize programu iandike "hakuna ripoti", pamoja na tarehe ya ripoti ya mwisho. Na jumla isomeke hivi: "Jamaa 28, kutoka makanisa 4 kati ya 5." Mchungaji wa Luka 15 alijua kwamba kondoo mmoja hayupo kwa sababu alijua wanapaswa kuwa mia. Programu pia ipewe orodha kamili ya makanisa, ili ihesabu hata wasiosema.

Majina yabaki ofisini

Barua pepe husambazwa kwa urahisi, na leo jioni inaweza kuwa katika kundi lolote la WhatsApp. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, Djugu. Tunaishi mahali ambapo habari ya nani amelala wapi ni nzito. Ripoti ya kujituma ibebe hesabu tu, si majina ya watu wala nyumba walimopokewa.

Kabla ya kuanza, tumeni jedwali la majaribio kwa simu tatu za namna mbalimbali, mkiacha kisanduku kimoja kitupu kwa makusudi, mwone kinavyofika. Kisha mteueni mtu mmoja ambaye kila palipoandikwa "hakuna ripoti" atapiga simu siku hiyohiyo. Simu isipopita, atafute wa kwenda.