Kupima Nguvu za Vijana Wetu



Mwili ni amana, na aliyepewa amana yampasa kuijua hali yake. Mtume (S.A.W.) alimfahamisha sahaba Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Kadhalika alitufunza kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko aliye dhaifu, na papo hapo akabainisha kwamba kila mmoja wao ana kheri. Wengi wetu twayashika mafunzo hayo ya kwanza na kuyasahau ya mwisho. Sisi wenyewe tulikuwa katika hao, na twataka kueleza tulivyokosea ili wenzetu wasikosee.

Katika chuo chetu tulianza kuwatoa vijana wa miaka 12 hadi 17 uwanjani kila Alhamisi jioni, maana tuliwaona wakikaa tu, mchana shuleni, jioni chuoni, na usiku mbele ya simu. Nia ilikuwa njema. Lakini kila baada ya mbio tuliyaandika majina yao ubaoni, tangu wa kwanza hata wa mwisho, tukidhani kuwa aliye nyuma ataona haya naye ataongeza bidii.

Mtoto mmoja wa miaka 13, mnene wa mwili, mpole wa tabia, alikuwa wa mwisho Alhamisi nne mfululizo. Alikuwa amekwisha kuhifadhi juzuu tatu. Wiki ya tano hakuonekana uwanjani, wala Jumamosi hakuonekana darasani. Mama yake akaja, akatuamkia, akasema: "Maalim, mwanangu hataki tena chuo. Asema jina lake liko chini kila wiki, na wenziwe wamwita Kobe."

Neno hilo lilituchoma. Tulitaka kuupa mwili wake nguvu, kumbe twamwondoa katika Qurani! Siku ile ile tuliufuta ubao, na baada ya sala ya Isha tukaenda kwao kumwomba radhi. Hakurudi mara moja. Alikaa nyumbani siku kumi na mbili, nasi tulizihesabu zote.

Katika siku hizo tuliirejea hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi. Wale waliokwisha kuandaliwa kwa mazoezi walianzia Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, mwendo wa maili 5 au 6. Na wale wasioandaliwa walianzia Thaniyyatul Wadaa mpaka msikiti wa Banu Zurayq, mwendo wa maili 1 tu. Tuliisomesha hadithi hii miaka mingi bila kuuliza: kwa nini masafa mawili? Jawabu tuliloliona ni kuwa kila mnyama alipewa mwendo kwa kadiri ya maandalizi yake. Ikiwa farasi alitendewa insafu hiyo, mtoto wa Kiislamu je?

Basi tukabadili njia. Kila kijana alipewa daftari lake, lisilosomwa na mtu illa yeye, mwalimu wake na wazazi wake. Ndani yake huandikwa mambo matatu.

La kwanza ni pumzi. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alieneza kipimo chepesi: mtu hukimbia, au hutembea akichoka, kwa dakika 12, kisha hupimwa umbali aliokwenda. Sisi tuliupima uwanja kwa kamba, duara moja ikawa mita 200. La pili ni mapigo ya moyo. Kijana huweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, akahesabu kwa sekunde 15, akazidisha mara 4. Huhesabu kabla ya mbio, na tena dakika 1 baada ya kusimama. Moyo uliozoea kazi hutulia upesi zaidi. La tatu ni nguvu za misuli: ni mara ngapi aweza kuchuchumaa na kuinuka, au kupiga pushapu, bila ya kuharibu namna yake.

Uzito hatuupimi mbele za watu, wala hatuufanyi kuwa ndio makusudio. Kijana anayebaleghe yu katika kukua, na uzito wake huongezeka kwa maumbile.

Baada ya kupima, kila mmoja hujiwekea lengo. Lengo jema lina kiasi, lina muda, na li katika uwezo wa mwenyewe. "Nataka kuwa na nguvu" si lengo, ni tamaa. Tena twawafunza kuandika mistari miwili: kile wanachotumai kukifikia, na kile watakachokifanya kila wiki. Cha pili ndicho kilicho mikononi mwao, maana juhudi ni juu ya mja, na matokeo ni kwa Mwenyezi Mungu.

Yule mtoto wetu alirudi. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa duara 5 na nusu, yaani mita 1,100, na dakika 1 baada ya kusimama moyo wake ulipiga mara 152. Akataka aandike duara 9. Tukamsihi aanze na 7 kwa wiki sita, na kukimbia polepole siku tatu kila wiki pamoja na kaka yake. Zilipotimia wiki sita alifika 6 na nusu. Akatutazama kwa hofu, akidhani tutamkemea. Tukamwambia, "Fungua daftari lako." Mapigo yalikuwa 128. Na katika safu ya mazoezi aliona mwenyewe kuwa wiki ya mitihani hakukimbia hata siku moja. Hakulia, wala hakutoa udhuru. Alichukua kalamu akaandika upya: duara 7, wiki nne.

Na mabinti zetu wasisahauliwe. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), akamshinda mara ya kwanza, na baadaye alipokuwa amenenepa akashindwa, wala hapakuwa na aibu. Wasichana wetu hupimwa na mwalimu wao wa kike, katika ua lililositirika, kwa kuruka kamba na kutembea kwa haraka.

Wazazi, tuambieni mapema kama mtoto ana pumu, selimundu au maradhi ya moyo, na muulizeni daktari kabla ya kumruhusu kupimwa. Anayeumwa na kifua au kuona kizunguzungu asimame papo hapo. Maji yawepo, jua kali liepukwe, na mwezi wa Ramadhani usiwe wakati wa kupima mwenye saumu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema kuwa mwenye miaka 5 hadi 17 ahitaji kwa wastani dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku, na walau siku tatu kwa wiki mna kazi nzito na ya kutia nguvu misuli na mifupa. Dakika hizo haziwezi kupatikana Alhamisi peke yake. Zitapatikana nyumbani: katika kuteka maji, kwenda sokoni kwa miguu, na baba kutoka pamoja na wanawe baada ya Alasiri. Na kidogo cha kudumu ndicho apendacho Mwenyezi Mungu.

Ubao wetu ungalipo ukutani, lakini siku hizi huandikwa aya za darasa tu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya ya miili na nuru ya nyoyo, na atusamehe sisi walimu tuliyoyakosea kwa kutojua. Amin.