Jeraha Halipandishi Cheo

Katika miji ya mlimani, kuanzia Othaya na Karatina hadi Nyeri na Nanyuki, mzee aliyewahi kuvaa gwanda akianza kusimulia vita, kovu lake huligusia kwa sentensi moja tu. Yule aliyepandishwa cheo mbele yake humzungumzia hadi chai ipoe. Risasi ya adui ameisamehe. Mwenzake aliyeongezewa tepe bila haki hajamsamehe. Wanaomsikiliza huona wivu. Sisi tunaochunguza historia ya majeshi tunaona jambo zito zaidi, ambalo limewahi kugawanya vikosi na kuzua maasi.

Tuanze na namna cheo kinavyopatikana. Jeshi ni piramidi. Kikosi kina idadi maalumu ya nafasi za koplo, sajini na sajini meja, na hakuna anayepanda mpaka nafasi ipatikane. Nafasi ikipatikana, huangaliwa mambo manne: muda aliotumikia askari, kozi alizofuzu, ripoti ya siri inayoandikwa na mkuu wake kila mwaka, na afya yake. Jeraha halimo katika orodha hiyo, isipokuwa pale kwenye afya, nako linampunguzia badala ya kumwongezea.

Hilo si kosa la karani. Majeshi hutenganisha malipo ya jana na kazi ya kesho. Ushujaa na maumivu ni mambo ya jana, na hulipwa kwa nishani, pensheni na heshima. Cheo hupewa anayetarajiwa kuongoza kesho. Mwaka 1916 Waingereza walianza kumpa majeruhi utepe wa dhahabu wa kushonwa wima kwenye mkono wa kushoto. Ulionyesha kwamba ameumia, lakini haukumpa mamlaka juu ya mtu yeyote. Wamarekani nao, Vita vya Pili vilipokuwa vikimalizika, walihesabu nishani ya majeruhi kuwa alama 5 katika kuamua nani atangulie kurudi nyumbani. Jeraha lilimrudisha mtu kwao mapema. Cheo kilibaki palepale.

Mantiki hiyo inaeleweka ofisini. Wodini ni vigumu kuielewa. Askari aliyevunjika paja hulazwa miezi kadhaa. Kozi ya kupandia cheo inaanza na kumalizika yeye akiwa kitandani. Bodi ya madaktari inamshusha daraja la afya, na kwa daraja hilo haruhusiwi kwenda kozi inayofuata. Akirudi kikosini anakuta mkuu mpya, ambaye hakuwepo siku ya mapigano na sasa ndiye atakayeandika ripoti yake. Wakati huohuo, mwenzake aliyebaki ghalani akihesabu blanketi amemaliza kozi zote na afya yake haina doa. Hakuna aliyevunja kanuni, na bado aliyetii amri ya kusonga mbele ndiye aliyeachwa nyuma. Hii ni dhuluma isiyo na mdhulumu, na ndiyo maana kinyongo chake hakipati mtu wa kumwelekea.

Lakini kukosa cheo peke yake hakuzai kinyongo. Ushahidi uko katika utafiti mashuhuri wa jeshi la Marekani, ulioongozwa na mwanasosholojia Samuel Stouffer na kuchapishwa mwaka 1949. Watafiti wake walilinganisha polisi wa kijeshi, ambao walipanda vyeo polepole sana, na wanajeshi wa kikosi cha anga, waliopanda kwa kasi. Ungetarajia manung'uniko yawe kwa polisi. Ilikuwa kinyume: watu wa anga ndio waliolalamika zaidi kwamba vyeo havitolewi kwa haki. Polisi alitazama kushoto na kulia akaona wenzake wote wako alipo yeye. Mtu wa anga alimwona wa rika lake, wa elimu yake, tayari ni sajini, akajiuliza: mimi nina kasoro gani? Binadamu hujipima kwa yule aliye karibu naye.

Sasa tukipeleke kipimo hicho mlimani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wakenya karibu laki moja walitumikia jeshi la Uingereza, wengi wao katika King's African Rifles, yaani KAR, na vikosi vilivyoandamana nalo.  Vijana wa Nyeri walifika Ceylon na Burma, katika vita ambavyo wazee bado huviita vya Bama. Huko Mwafrika angeweza kuwa koplo, sajini, hata sajini meja. Wakati wa vita kilibuniwa pia cheo kilichomruhusu Mwafrika kuongoza platuni, kazi ileile ya luteni, lakini bila kamisheni wala nyota begani. Na hata Mwafrika mwenye cheo hicho alikuwa chini ya sajini yeyote wa Kizungu, awe amewasili juzi kutoka Uingereza na hajawahi kusikia mlio wa risasi.

Utetezi wa siku zile ulikuwa kwamba Mwafrika hajawa tayari kuwa ofisa. Utetezi huo ulishakanushwa na dola hiyohiyo. Mwaka 1942 Waingereza walimpa kamisheni Seth Anthony wa Gold Coast, Ghana ya leo, na akapigana Burma akiwa ofisa. Afrika Mashariki ililazimika kungoja. Cheo cha efendi, kilichowaweka Waafrika wachache kati ya sajini meja na maofisa, kilikuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Idi Amin wa Uganda alikipata mwaka 1959. Vita vilipokwisha, rangi iliamua hata kiinua mgongo: nyaraka zilizotangazwa hadharani mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mzungu aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile.

Waruhiu Itote alitoka katika mazingira hayo. Alizaliwa mwaka 1922 huko Mukurwe-ini, akajiunga na KAR mwaka 1942, akapigana Burma, akarudi na tepe mbili za koplo. Uraiani alifanya kazi ya kuchochea moto kwenye garimoshi. Mwaka 1952 aliingia msitu wa Mlima Kenya, na huko koplo akawa Jenerali China, akiamuru maelfu ya wapiganaji waliopinga utawala wa Waingereza. Kazi ambayo KAR isingempa kamwe aliifanya bila chuo cha maofisa. Tarehe 15 Januari 1954 alipigwa risasi ya shingo na kukamatwa karibu na Karatina. Alishtakiwa Nyeri, akahukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo. Ofisa wa polisi Ian Henderson alimhoji kwa saa 68, mahojiano ambayo yenyewe ni ushahidi: serikali iliyomwona hafai hata kuwa luteni ilikaa naye siku kadhaa ili ielewe jinsi alivyolipanga jeshi lake.

Msomaji anaweza kudhani kwamba rangi ikiondoka, haki ya vyeo hujileta yenyewe. Msitu wa Nyandarua unatufundisha vingine. Agosti 1953 viongozi wa wapiganaji walikutana humo, mahali paitwapo Mwathe, wakaunda baraza la ulinzi chini ya Dedan Kimathi na kugawa majeshi na vyeo. Stanley Mathenge wa Othaya alikuwa askari wa KAR katika Vita vya Pili, mtu aliyejua vita kwa mikono yake. Kimathi alikaa jeshini muda mfupi tu. Nguvu yake ilikuwa kalamu. Alikuwa amefanya kazi ya ualimu na ukarani, na msituni aliandika barua, akatunza kumbukumbu na kutoa vyeo kwa maandishi. Februari 1954 liliundwa baraza jingine, Kenya Parliament, Kimathi akiwa juu na mwalimu Karari Njama akiwa katibu mkuu. Mathenge hakuhudhuria. Upande wake ukajiita Kenya Riigi, nao walilalamika kwamba waliosoma wanagawana ukubwa huku wasiojua kusoma wakibeba bunduki.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Jeshi lisilo na kumbukumbu hupotea, na jeshi linaloongozwa na wasiojua vita hufa. Kilichokosekana ni makubaliano ya mapema juu ya kipimo: je, tunapima ushujaa au kusoma? Bila makubaliano hayo kila mmoja alitumia mizani iliyompendelea, na kila cheo kipya kikawa tusi kwa upande wa pili. Mwaka 1955 Riigi walianza mazungumzo yao wenyewe na serikali, Kimathi akaamuru Mathenge na wenzake wakamatwe, nao wakatoroka. Mgawanyiko huo uliwanufaisha Waingereza.

Uhuru ulileta mizani ya tatu. Desemba 1963 wapiganaji walitoka msituni na kukusanyika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, wakiwa na nywele ndefu na vyeo vya mabrigedia na majenerali. Serikali mpya haikuvitambua vyeo hivyo. Jeshi la taifa lilijengwa juu ya KAR, chini ya maofisa wa Kiingereza na Waafrika waliolelewa nao, baadhi wakiwa wametumwa kuwasaka wapiganaji haohao. Itote aliishia kuwa naibu mkurugenzi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Hata waliobaki jeshini hawakuridhika. Tarehe 24 Januari 1964 askari wa kambi ya Lanet waliasi, na miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa mishahara na Waingereza kuendelea kukalia vyeo vya juu.

Leo dari ya rangi haipo. Katiba ya 2010, ibara ya 241, inataka uongozi wa majeshi uakisi sura ya taifa, na sheria ya majeshi ya ulinzi ya Kenya, KDF, ya mwaka 2012 inampa mwanajeshi njia ya kupeleka malalamiko kwa ngazi za juu. Ibara ya 24 nayo inaruhusu haki za kikazi za wanajeshi zipunguzwe. Askari hana chama cha wafanyakazi wala ruhusa ya kugoma. Aliyenyang'anywa silaha hizo anadai kitu kimoja zaidi kuliko raia: kuelezwa.

Kwa majeruhi, kuelezwa huko kunawezekana bila kubomoa piramidi. Kozi aliyoikosa akiwa wodini inaweza kuahirishwa bila kumpotezea ukubwa wa kazi, ili akifuzu ahesabiwe pamoja na waliomtangulia. Ripoti ya mwaka aliojeruhiwa iandikwe na mkuu aliyekuwa naye vitani. Akiwa hawezi tena kubeba bunduki, zipo kazi za ualimu, mipango na ugavi zenye ngazi zake za vyeo. Na akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi: nafasi, kozi, ripoti au afya. Askari amefunzwa kupokea habari mbaya. Anayeambiwa ukweli hunung'unika wiki moja, kisha hurudi kazini. Asiyeambiwa kitu hujitungia sababu mwenyewe, na sababu anayojitungia siku zote ina jina la mtu, au la kabila.